KUCHAGUA MAUMBO YA KARATASI YASIYOKUNJUKA

Somo la kazi za mikono



Kazi ya kukunja karatasi mpaka iwe ndege, kisanduku au ua, ambayo Wajapani huiita origami, hupendwa na wakubwa kwa watoto. Haihitaji chombo ila mikono miwili na kipande cha karatasi. Hata hivyo wengi walioianza kwa furaha wameiacha njiani kwa sababu moja: umbo lililokuwa zuri jioni, asubuhi limelegea. Miguu ya mnyama imetanuka, kisanduku kimeachia kona, ua limetaka kurudi kuwa karatasi. Mwenye kazi hujilaumu akisema, "Mikono yangu mizito, kazi hii si yangu."

Katika somo hili twataka kuonyesha kwamba mara nyingi mikono haina kosa. Kosa lilikuwapo kabla ya kunjo la kwanza, yaani katika kuchagua. Umbo lililochaguliwa halikuwa na kitu cha kulishika, au halikupatana na karatasi iliyokuwapo, au halikupatana na kazi iliyokusudiwa. Ajuaye kuchagua, hata kama ni mwanafunzi wa juzi, atatoa kitu kitakachodumu. Asiyejua, hata vidole vyake viwe vyepesi namna gani, atashindana na karatasi, na karatasi itamshinda.

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Kitu cha karatasi aghalabu hukunjwa kwa ajili ya mtu: mtoto anayejifunza, mgonjwa aliyelazwa, mgeni, bibi arusi. Zawadi ikikunjuka mkononi mwake aliyepewa, furaha yake hupungua pamoja nayo.

1. Kwa nini karatasi hutaka kurudi ilivyokuwa

Karatasi imefanywa kwa nyuzi ndogo ndogo za mimea zilizoshikamana. Tunapoikunja na kupitisha ukucha juu ya kunjo, nyuzi za upande wa nje huvutwa, nyingine hukatika, na zile za upande wa ndani hubanwa. Zilizokatika au kupondeka hazirudi tena; hizo ndizo zinazolishika kunjo. Zilizopinda tu bila kuvunjika hufanya kama ufito mbichi: ukiuachia, hurudi. Basi katika kila kunjo zimo nguvu mbili zinazoshindana, na kazi yetu ni kuisaidia ile ya kwanza.

Nguvu ya kurudi huongezeka kwa sababu tatu.

Kwanza, wingi wa matabaka. Karatasi ya ofisini ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukiikunja nusu kwa nusu mara tano, unapata matabaka 32, na unene wake hupita milimita 3. Tabaka la nje hulazimika kuzunguka njia ndefu kuliko lile la ndani, kwa hiyo matabaka yote husukumana yakitafuta nafasi. Ndiyo maana shingo nene ya mnyama wa karatasi hufunuka yenyewe.

Pili, unyevu. Karatasi hunywa unyevu wa hewa. Nyuzi zake huvimba na kulainika, na kunjo hulegea. Wakaao pwani, na wengine wote wakati wa masika, wameona jinsi madaftari ya watoto yanavyojikunja kona bila kuguswa na mtu.

Tatu, mlalo wa nyuzi. Karatasi ya kiwandani ilitengenezwa ikikimbia juu ya mashine, kwa hiyo nyuzi zake nyingi hulala upande mmoja. Kunjo linalofuata mlalo huo huwa safi na tulivu. Linaloukata huwa gumu na hurudi zaidi. Kuujua mlalo ni rahisi. Ipinde karatasi kidogo bila kuivunja, kwanza upande huu, kisha upande ule. Pale inapokubali bila ubishi, ndipo kunjo lako linafuata nyuzi.

2. Mambo manne yanayoshika umbo

(a) Kufuli. Muuza karanga wa mtaani hakufundishwa origami na mtu, lakini anaijua kanuni yake ya kwanza. Husokota kipande cha karatasi kiwe pia, hutia karanga, kisha hupindua mdomo wake na kuichomeka ncha ndani. Hana gundi wala uzi, na karanga hufika nyumbani. Kadhalika mzazi anayelitia daftari jalada la gazeti: pindo likishaingia ndani ya pindo, jalada halitoki.

Hiyo ndiyo kufuli: ncha huingia ndani ya mfuko uliofanywa na karatasi yenyewe. Katika maumbo ya jadi ya Kijapani, mfano ulio bora ni puto. Ncha zake nne huchomekwa ndani ya mifuko minne midogo, mbili kila upande, kisha mtu hupuliza katika tundu lililoachwa, nalo hujaa na kuwa kama mchemraba wenye kona laini. Mtoto huweza kulirusha na kulidaka, wala halifunguki. Kikombe cha karatasi pia kina kufuli, nacho tutakikunja mwishoni mwa somo hili.

(b) Mvutano wa vipande. Kuna maumbo yanayoundwa kwa karatasi nyingi zilizokunjwa namna moja, kisha zikachomekwa moja ndani ya nyingine. Kipande kinachojulikana sana hubeba jina la Mjapani Mitsunobu Sonobe. Kila kipande kina ncha mbili na mifuko miwili. Vipande 6 hufanya mchemraba. 12 hufanya umbo lenye vilele 8. 30 hufanya mpira wenye vilele 20. Kipande kimoja peke yake ni dhaifu, kinalala mezani kama kijikaratasi cha kutupwa. Lakini vyote vikishaingiliana, kila kimoja kinachotaka kukunjuka huzuiwa na wenzake. Ni kama ukindu katika mkeka: ukindu mmoja huvunjwa kwa vidole, mkeka hukaliwa na watu.

(c) Mzigo na matumizi. Masu ni kisanduku cha mraba, nacho kimepewa jina la kipimo cha mbao ambacho Wajapani walipimia mchele, kama wazee wetu walivyopimia kwa kibaba na pishi. Kisanduku cha karatasi cha namna hii hakina kufuli kamili. Ndimi zake za mwisho hulala tu sakafuni mwake, na kikiwa kitupu hutaka kuinuka. Kitie peremende au vifungo, na mara ndimi hutulia, kwa kuwa mzigo unazikandamiza. Ndivyo ilivyo pia kofia ya shujaa iitwayo kabuto, ambayo watoto wa Japani hukunjiwa kwa gazeti wakati wa Siku ya Watoto, tarehe 5 Mei. Ukingo wake wa chini huchomekwa ndani, na kichwa cha mtoto huishika sehemu iliyobaki.

(d) Ugumu wa karatasi yenyewe. Hapa hatuna budi kumtaja Akira Yoshizawa, aliyezaliwa mwaka 1911. Alipokuwa kijana alifanya kazi kiwandani Tokyo, akatumia mikunjo ya karatasi kuwafundisha vijana wenzake jometri. Mwaka 1937 aliacha kazi hiyo ili ajitoe kabisa kwa ufundi huu, akaishi miaka mingi katika umaskini, akiuza vyakula nyumba kwa nyumba. Sifa zake zilianza kuenea mwaka 1952, gazeti moja la picha lilipochapa wanyama wake. Mwaka 1954 alitoa kitabu, na mwaka 1955 kazi zake zikaonyeshwa Amsterdam, Uholanzi. Alifariki mwaka 2005, siku ileile aliyotimiza miaka 94.

Yoshizawa aliona kwamba karatasi nyembamba haiwezi kushika tumbo la mviringo la mnyama. Basi alichukua karatasi nene, akailowesha kidogo, akaikunja ikiwa bado na unyevu. Karatasi nyingi za namna hiyo zina dawa ya kugandisha iliyotiwa kiwandani. Maji huilegeza dawa hiyo, nayo ikikauka hugandisha nyuzi zilivyokaa, kama ukosi wa shati uliotiwa wanga. Umbo lake hukaa kama ganda, bila kufuli, kwa mikunjo michache tu. Kumbe maji, ambayo ni adui wa kazi iliyokwisha, yakitumiwa kwa kiasi wakati wa kukunja huwa msaada.

3. Korongo na siri yake

Watu wengi wakisikia neno origami humkumbuka korongo, nao humchagua awe wa kwanza. Baadaye huona mabawa yake yakipanuka na mwili ukifunguka. Je, Wajapani walikosea kumpenda? La. Tutazame wanavyomtumia.

Sadako Sasaki alikuwa mtoto wa miaka miwili wakati bomu la atomiki lilipoangushwa juu ya Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945. Mwaka 1955 aliugua saratani ya damu. Akiwa hospitalini alikunja makorongo kwa karatasi zozote alizozipata, hata zile za kufungia dawa, kwa kuwa Wajapani husimulia kwamba akunjaye makorongo elfu hupata haja ya moyo wake. Alifariki tarehe 25 Oktoba mwaka uleule. Wanafunzi wenzake walianzisha mchango, na tarehe 5 Mei 1958 sanamu ya ukumbusho wa watoto ilizinduliwa Hiroshima. Mpaka leo watu wa nchi nyingi hupeleka makorongo ya karatasi mahali hapo, na baadhi ya yale aliyoyakunja Sadako mwenyewe yamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la mji huo.

Sasa tuangalie makorongo elfu yanavyofungwa. Kwa desturi huwa nyuzi 25, kila uzi ukiwa na makorongo 40. Mabawa hayapanuliwi, huachwa yameelekea juu, yamekaribiana, na uzi hupita katikati ya mwili. Kila ndege humkalia aliye chini yake. Hakuna tumbo lililopulizwa wala bawa lililotandazwa, kwa hiyo hakuna cha kulegea. Korongo huyuhuyu, akitandazwa mabawa na kuwekwa mezani, au kupewa mtoto mchanga, hatadumu siku mbili.

Hapo tunajifunza kwamba umbo halina ubora wala ubovu peke yake. Hupimwa pamoja na kazi litakayopewa.

4. Karatasi inayolingana na umbo

Karatasi maalum ya origami huwa na uzito wa gramu 60 hadi 70 hivi kwa mita ya mraba, na mraba wa kawaida una sentimita 15 kila upande. Lakini asiyekuwa nayo asikate tamaa.

Karatasi nyeupe ya ofisini ina gramu 80. Karatasi moja ya milimita 210 kwa 297 hutoa mraba wa sentimita 21. Yafaa sana kwa kikombe, puto, kisanduku na vipande vya Sonobe. Haifai kwa mdudu mwenye miguu sita.

Karatasi ya kaki ina nyuzi ndefu na zenye nguvu. Hukubali kukunjwa na kukunjuliwa mara nyingi bila kupasuka, nayo ni nzuri kwa visanduku na maumbo ya wanyama wakubwa.

Gazeti ni laini na huchoka upesi, na likikaa juani hugeuka rangi ya manjano na kuwa kavu. Litumike kwa kujifunzia na kwa kofia kubwa.

Manila ikiwa kavu hupasuka mgongo wa kunjo. Ikiloweshwa kidogo kwa kitambaa huweza kufaa kwa umbo la mikunjo michache.

Karatasi yenye bati upande mmoja, kama ile ya ndani ya pakiti ya sigara, haina tabia ya kurudi, kwa kuwa bati likipinda limepinda. Yafaa kwa miguu na pembe nyembamba. Lakini haisamehe: kunjo lililokosewa halifutiki.

Walio na bahati ya kupata washi, karatasi ya mkono ya Kijapani, wataona tofauti kubwa. Aina nyingi hufanywa kwa magome ya kozo, mti wa jamii ya mforsadi, wenye nyuzi ndefu. Mwaka 1797 kilichapwa Kyoto kitabu chenye mifano 49 ya makorongo yaliyoungana, yote yakikunjwa katika karatasi moja iliyokatwa sehemu sehemu, ndege wakishikana kwa ncha ndogo ya mdomo au bawa. Kwa karatasi dhaifu, muungano wa namna hiyo hukatika kabla ya kazi kwisha.

5. Maswali matano ya kujiuliza kabla ya kukunja

Tukiwa na mchoro mbele yetu, tusiutazame uzuri wa picha ya mwisho peke yake. Tujiulize:

Kwanza, ncha ya mwisho inakwenda wapi? Ikiingia ndani ya mfuko, ni dalili njema. Ikiachwa inaelea, tujue kwamba itainuka.

Pili, matabaka yanakusanyika wapi? Yakirundikana mahali pamoja, hasa shingoni au kwenye miguu, yahitaji karatasi nyembamba na kubwa zaidi.

Tatu, umbo litasimama juu ya nini? Kitako kipana hustahimili. Miguu minne myembamba hutanuka chini ya uzito wa mwili.

Nne, litafanya kazi gani? La kuning'inizwa, la kuwekwa rafuni, la kuchezewa na la kubebea kitu si namna moja.

Tano, karatasi tuliyo nayo leo ni ipi? Tusichague umbo kisha tukalilazimisha juu ya karatasi isiyolitaka.

Baada ya maswali, lifanyiwe jaribio. Kunja moja tu kwanza. Lishike kwa ncha moja, ulitikise mara tatu, kisha uliache rafuni usiku mmoja. Likiamka lilivyolala, endelea na mengine. Likilegea, umepoteza karatasi moja, si hamsini. Jambo hili likumbukwe hasa na wale wanaotengeneza mapambo mengi kwa ajili ya sherehe.

Wengine watauliza kuhusu gundi. Tone dogo mahali palipofichika si dhambi ya ufundi, hasa kwa kitu kitakachoshikwashikwa na wengi. Lakini gundi isifanywe kuwa badala ya kuchagua vizuri. Gundi ya maji ikizidi hulowesha karatasi na kuikunjakunja, na umbo huharibika kwa dawa ileile iliyokusudiwa kuliponya.

6. Zoezi: kikombe cha karatasi

Chukua mraba wa sentimita 21, safi.

(i) Uweke mraba kona moja ikielekea kwako. Ikunje kona hiyo juu ikutane na kona ya mbali. Sasa una pembetatu, kilele juu, ukingo mrefu chini.

(ii) Chukua tabaka la mbele tu. Uteremshe ukingo wake wa kushoto mpaka ulale sawasawa juu ya ukingo wa chini. Pitisha ukucha, kisha ufungue. Kunjo hili limefika mahali fulani kwenye ukingo wa kulia. Mahali hapo ndipo alama yetu.

(iii) Ilete kona ya kushoto mpaka iguse alama ile, ukunje. Tazama: ukingo wa juu wa ulimi huu uende sambamba na ukingo wa chini. Usipokwenda sambamba, rekebisha sasa.

(iv) Ilete kona ya kulia kushoto, juu ya ulimi wa kwanza, mpaka iguse pembe yake ya mwisho, ukunje.

(v) Juu zimebaki pembetatu mbili, moja mbele na moja nyuma. Ya mbele iteremshe na kuichomeka yote ndani ya mfuko wa ulimi ulio mbele. Hiyo ndiyo kufuli. Ya nyuma ikunje kwa nyuma.

(vi) Bana pande mbili kwa vidole, mdomo utafunguka. Kikombe hiki huweza kushika maji kwa muda mfupi, na hushika njugu na bisi kwa muda wote upendao.

Sasa kunja kikombe cha pili namna ileile, lakini pembetatu ya mbele uikunje tu kwa nje bila kuichomeka. Viweke viwili hivyo pamoja mpaka kesho, kisha uvilinganishe. Karatasi ni moja, mikono ni ileile, makunjo yamelingana. Kilichotofautiana ni ncha moja kuingia au kutoingia mahali pake. Hapo utakuwa umelipata somo hili kwa macho yako.

7. Utunzaji

Kazi ikimalizika, iwekwe mbali na mvuke wa jikoni na jua la dirishani. Kopo lenye kifuniko latosha. Vitu vya kuning'inizwa vitungwe kwa uzi mwepesi, visibanane na ukuta wenye unyevu.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Taja vitu viwili vya nyumbani au sokoni vinavyofungwa kwa kufuli ya karatasi bila gundi.

2. Kwa nini korongo hufaa kutungwa katika uzi kuliko kuchezewa na mtoto?

3. Kikundi kimeombwa kupeleka zawadi 20 za karatasi katika wodi ya watoto, nacho kina karatasi ya ofisini tu. Mngechagua umbo gani, na kwa sababu zipi?

4. Masu hutulia kikipata mzigo. Ni maumbo gani mengine mnayoyajua ambayo huimarika yanapotumika?